Jinsi ya Kupima Nguvu ya Mpiga Mbali Kwenye Super Smash Bros. Ultimate

Kila anayeanza kucheza Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano ya Nintendo Switch, kwa nia ya kushindana hufika mahali pamoja. Anakutana na Samus anayemimina makombora kutoka upande wa pili wa ulingo, au Min Min ambaye mikono yake inakufikia kabla hujamsogelea. Anapoteza roho zote tatu bila kumgusa sawasawa, kisha anakuja na swali: huyu ni mkali kweli, au mimi ndiye sijamjulia? Baada ya muda anakuja na la pili: mbona Simon ana mjeledi mrefu kuliko panga nyingi, ana shoka, ana msalaba unaorudi, ana maji matakatifu yanayowaka sakafuni, halafu kwenye nane bora za mashindano makubwa humwoni mara nyingi?

Majibu ya haraka unayopewa huwa ni hasira ya mtu aliyefungwa, au orodha ya madaraja, ile inayopanga wahusika kwa nguvu, iliyonakiliwa mahali. Hayo hayatakusaidia kuchagua mhusika wala kujiandaa kupambana naye. Ninachokuletea hapa ni njia ya kumpima mwenyewe, kwa jioni chache na rafiki mmoja. Na niseme mapema ninachoamini, maana hatua zote zimejengwa juu yake: urefu wa silaha haukuambii mhusika ana nguvu kiasi gani. Angalia anabaki na nini silaha hizo zikishapitwa.

Maneno machache kabla hatujaanza

Mpiga mbali ni mhusika ambaye mchezo wake unategemea kukugonga kabla hujafika umbali wako wa kupiga. Kombora ni chochote kinachotoka mwilini mwake na kusafiri chenyewe: risasi, bomu, shoka, boriti ya mwanga. Roho ni yale maisha unayopoteza ukitupwa nje ya ulingo. Asilimia ni hesabu ya madhara uliyokusanya: ikipanda, unatupwa mbali zaidi ukipigwa. Fremu ni picha moja ya gemu, na Ultimate huonyesha fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 15 ni robo sekunde. Shika hiyo robo sekunde, kwa sababu ni karibu na muda ambao mtu wa kawaida huhitaji kuona kitu na kukijibu kwa kidole.

Utakavyohitaji

- Gemu iliyosasishwa hadi toleo la mwisho. Marekebisho ya nguvu za wahusika yalikoma mwishoni mwa 2021, kwenye toleo 13.0.1, hivyo utakachopima leo hakitabadilika kesho. Video za kabla ya hapo ziangalie kwa tahadhari: mhusika unayemwona huenda aliongezwa au kupunguzwa nguvu baadaye.
- Padi mbili na rafiki mliyekaa naye chumba kimoja, mkilingana kiwango au mkikaribiana.
- Simu inayoweza kurekodi fremu 60 kwa sekunde, na daftari.
- Kanuni za mashindano zikiwa zimewekwa: roho 3, dakika 7, bila vitu vya kuokota. Kwenye pambano la wawili bila vitu, gemu yenyewe huzidisha madhara ya kila pigo kwa 1.2, kwa hiyo ukipima ukiwa na vitu au mkiwa wachezaji wanne utapata picha nyingine kabisa.
- Wapinzani wanne wa kupimia. Mimi hupendekeza Fox kwa kasi yake na kioo chake kinachorudisha makombora. Cloud kwa upanga mrefu. Ness kwa sababu anameza makombora ya nishati na kujiponya nayo. Na Link kwa sababu naye anarusha, na ngao yake ya mkononi huzuia makombora akiwa amesimama tu.

Usimweke Ganondorf kwenye orodha hiyo. Karibu kila mpiga mbali humtesa, kwa hiyo kumfunga yeye hakukufundishi lolote jipya. Na usitumie mpinzani anayeendeshwa na kompyuta. Kompyuta huinua ngao kwa wakati ambao binadamu hawezi, kisha hutembea moja kwa moja kwenye bomu ambalo mtoto angelikwepa.

Hatua ya 1: Andika kila silaha na kazi yake

Fungua ulingo wa mazoezi wenye mistari ya miraba. Rusha kila kombora la mhusika wako na ujibu maswali haya kwenye daftari: linafika miraba mingapi? Linakwenda usawa wa kifua, linapanda, au linalala chini? Likimgonga mtu linamkatiza anachofanya, au anapita nalo tu? Linabaki ulingoni baada ya kurushwa? Linaweza kurudishwa, kumezwa, au kudakwa?

Swali la kukatiza ndilo wanaoanza hulisahau, na mfano wake mzuri uko kwenye Melee, gemu ya 2001 ya mfululizo huohuo wa Smash. Humo Fox na Falco wana bastola za mwanga zinazofanana kwa macho. Ya Fox inaongeza asilimia za madhara lakini haimsimamishi mtu. Ya Falco inamkatiza. Matokeo yake Fox huitumia kukusanya madhara akiwa mbali, na Falco huitumia kukugandisha ili asogee na akupige kwa miguu. Silaha moja kwa sura, kazi mbili tofauti kabisa. Ukiandika tu "ana bastola" hujaandika kitu.

Kwa Simon ungeandika hivi: shoka linapanda na kushuka kwa tao, linalinda juu, msalaba unakwenda mbele na kurudi, unalinda katikati, maji matakatifu yanawaka chini, yanalinda sakafu. Kwenye karatasi hana tundu. Tutaona.

Kwa Min Min andika kwa wino mzito: mikono yake si makombora. Kioo cha Fox hakiirudishi, na Ness hana cha kumeza. Hiyo peke yake inamtenga na Samus, ambaye risasi yake kubwa ya kuchaji humezwa na Ness vizuri tu, wakati mabomu yake ya roketi hayamezwi.

Hatua ya 2: Pima pengo baada ya kila silaha

Kila silaha ina muda ambao mrushaji amekwama akimalizia kitendo. Huo ndio mlango wa mpinzani. Simama mbali, rusha silaha moja, na rafiki yako akiwa na Fox ajaribu njia tatu: kukimbia na kuinua ngao, kuruka juu ya kombora, na kuachia ngao hasa linapogonga. Hii ya mwisho Ultimate huitambua ukiiachia ndani ya fremu 5, na inastahili kujifunzwa na kila anayechukia wapiga mbali.

Fanyeni kila njia mara kumi kwa kila silaha. Andika mara ngapi Fox alifika na kugusa kabla mrushaji hajawa huru. Kisha rudia kwa umbali wa nusu ya ulingo, halafu kwa umbali wa hatua tatu.

Rekodi kwa simu. Ukiipitisha video picha moja moja, unaweza kuhesabu fremu kuanzia kombora lilipotoka hadi mhusika alipoweza kujikinga tena. Majedwali ya fremu yapo mtandaoni, ila kuhesabu mwenyewe kunakufundisha jicho lako kuona pengo, na jicho ndilo utakaloingia nalo kwenye mashindano.

Hapa Simon anaanza kupungua. Shoka na msalaba vinamchelewesha, na mpinzani aliyekwisha kusoma mdundo wake huingia wakati mkono bado uko hewani. Samus naye akirusha roketi akiwa anashuka kutoka kwenye kuruka hupunguza sana hilo pengo, kwa hiyo mjaribuni kwa mtindo huo pia. Min Min ana lake: mkono mmoja ukiwa njiani, wa pili bado uko tayari. Kupita mkono wa kwanza hakujamaliza kazi.

Onyo: usipime silaha moja moja na ukaishia hapo. Mpiga mbali mzuri huziunganisha. Fungu la mwisho la hatua hii liwe mchezo huru wa dakika mbili ambamo mrushaji anatumia zote, na Fox anatafuta kuingia tu, bila kujali asilimia.

Hatua ya 3: Anzeni mkigusana

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Wekeni wahusika wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega, mpiga mbali akiwa na ngao juu. Rafiki apige pigo lolote kwenye ngao, kisha kila mmoja afanye anachoona bora. Mkiachana, simamisheni. Andika mambo mawili tu: nani alimgonga mwenzake, na je, mpiga mbali alipata tena umbali wake?

Rudieni angalau mara ishirini kwa kila mpinzani. Utashangaa jinsi picha inavyobadilika.

Kushusha ngao tu kwenye Ultimate huchukua fremu 11, kwa hiyo swali kubwa ni mhusika ana kitu gani cha haraka anachoweza kutoa moja kwa moja kutoka kwenye ngao. Samus ana ule mzunguko wake wa kupanda juu, unaotoka fremu ya 4. Ni jibu la haraka sana, na linamfanya mpinzani afikiri mara mbili kabla ya kubonyeza ovyo mbele yake. Akikosa, lakini, anabaki akielea bila kinga na unamlipiza unavyotaka. Upande wa kukamata, ambako ngao haizuii, ana shida: mshipi wake wa kukamatia ni mrefu lakini unakuja taratibu, takriban fremu 15, wakati wahusika wengi hukamata kwa fremu 6 au 7. Mpinzani anayeng'ang'ania ngao mbele ya Samus hana hofu kubwa.

Andika hayo yote. Usiandike "dhaifu karibu" ukaridhika, kwa sababu karibu kuna aina nyingi. Yupo anayeweza kukusukuma ukaenda zako lakini hawezi kukuadhibu. Yupo anayekuadhibu vikali akibahatisha sawa, na akikosa amekwisha. Snake ni aina ya tatu: akibanwa, anaweza kuachia guruneti miguuni mwake, na ukimpiga mnalipuka wote wawili. Huyo ni mpiga mbali ambaye ukaribu wenyewe ni mtego wake. Ukishaona tofauti hizi, utaelewa kwa nini watu wawili wenye makombora mengi wanaweza kuishia madaraja yaliyoachana mbali.

Hatua ya 4: Mtupe nje ya ulingo

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wapiga mbali wengi wanaotisha katikati ya ulingo hufia hapo.

Mwanzishe mhusika wako nje ya ukingo, chini kidogo ya usawa wa sakafu, akiwa amebakiwa na kuruka mara moja. Rafiki ajaribu kumzuia asirudi. Mara kumi upande wa kushoto, kumi upande wa kulia, kwa kila mpinzani. Andika mara ngapi amerudi salama.

Simon hupanda kidogo tu na hana mwendo mzuri wa kwenda mbele. Mjeledi wake unaweza kushika ukingo, lakini njia yake inajulikana na mpinzani anaisubiri. Hapa ndipo lile swali la kwa nini humwoni mara nyingi nane bora linapata sehemu kubwa ya jibu lake. Min Min akiwa chini huweza kuruka juu sana kwa pigo lake la kupanda, ila akiwa hewani pigo hilohilo hugeuka kuwa kamba ya kushika ukingo tu. Akishapoteza kuruka kwake kwa pili akiwa mbali na ukingo, roho imekwenda. Samus ana mabomu ya kujiinua, mshipi wa kushika ukingo, mzunguko wa kupanda, na mwili unaoshuka taratibu. Mara nyingi anarudi.

Kisha jaribu jambo la pili la hatua hii: mpige juu. Mhusika akiwa hewani juu ya mpinzani, anashukaje? Makombora mengi hayasaidii mtu anayeshuka na upanga wa Cloud ukimsubiri chini. Wanaoanza huhesabu kurudi ukingoni na kusahau kushuka, wakati kwenye mchezo halisi utashuka mara nyingi zaidi kuliko utakavyotoka nje.

Hatua ya 5: Tafuta anaua kwa nini, na kwa asilimia ngapi

Kuongeza madhara na kutoa roho ni kazi mbili. Young Link hurundika asilimia kwa mishale, bomu na bumarangi kwa raha kabisa, halafu mpinzani anafika asilimia 130 na bado yupo, kwa sababu mapigo yake ya kumalizia yanataka usogee. Samus ana risasi ya kuchaji, anayoweza kuihifadhi tayari. Ikishajaa, mpinzani anacheza mchezo mwingine: haruki ovyo, hakwepi ovyo, hatui ovyo. Hata isiporushwa inafanya kazi.

Andika mapigo ya kumalizia yote, na mbele ya kila moja uandike linapatikana vipi: kwa mpinzani kukosea, kwa kumlazimisha, au kwa mfululizo wa uhakika. Yale ya "mpinzani akikosea" yapunguzie uzito, maana kadiri unavyosonga mbele kwenye mashindano ndivyo makosa yanavyopungua. Kumbuka pia gemu huweka kumbukumbu ya mapigo 9 ya mwisho na kulipunguzia nguvu pigo linalorudiwarudiwa. Anayetegemea kombora moja hulipia hilo.

Hatua ya 6: Mpime akiwa nyuma

Mpiga mbali anayeongoza ana raha: muda unakwenda, na kwa kanuni za mashindano, ukiisha mkiwa mmelingana roho, mwenye asilimia ndogo ndiye mshindi. Mpinzani lazima aje. Watu humwona katika hali hiyo na kusema hazuiliki.

Igeuze. Mpe rafiki faida ya roho moja na mwambie asisogee kabisa. Akae mbali akijikinga. Je, makombora ya mhusika wako yanamlazimisha ahame, au inabidi wewe ndiye umfuate? Mkichukua Fox, naye ana bastola ya kwake na kioo cha kurudishia, kwa hiyo ni mtihani mgumu na wa haki. Mpiga mbali anayeweza kumng'oa mtu aliyejificha nyuma ya ngao huku yeye yuko nyuma kwa roho ni wa daraja lingine. Wengi hushindwa hapa, na hubaki kuwa wahusika wa kuanza vizuri tu.

Hatua ya 7: Badilisha ulingo

Fupi: cheza Final Destination isiyo na jukwaa hata moja, Smashville yenye moja linalotembea, na Battlefield yenye matatu. Makombora ya usawa yanafurahia Final Destination. Battlefield mpinzani hupita juu yake. Kwenye mashindano mpinzani hufuta ulingo asizozitaka, kwa hiyo mhusika anayehitaji sakafu tupu hataipata kila mara. Mkiwa na muda ongezeni Pokémon Stadium 2, pana kiasi na yenye majukwaa mawili.

Hatua ya 8: Weka wapinzani mezani

Sasa rudi kwenye wale wanne. Kwa kila mmoja andika anashinda, sare, anapoteza, au anapoteza vibaya. Neno la mwisho ndilo la kuliangalia. Mashindano mengi humtoa mtu akipoteza mara mbili, na aliyepoteza mchezo mmoja anaruhusiwa kubadilisha mhusika kabla ya unaofuata. Mpiga mbali mwenye adui mmoja anayemmaliza kabisa atakutana naye, kwa bahati au kwa makusudi.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya Genesis 2 huko California, Armada wa Sweden, bingwa wa Peach kwenye Melee, alimtumia Young Link dhidi ya mchezaji Hungrybox na Jigglypuff wake, na alishinda. Young Link wa Melee hakuwa mhusika wa daraja la juu. Lakini Jigglypuff ana mikono mifupi na hutembea hewani, na mishale, mabomu na bumarangi vilimnyima hewa hiyo. Kama ungempima Young Link kwa wastani wa wapinzani wote, ungemtupa. Kwa hiyo kwenye daftari weka safu mbili: nguvu yake kama mhusika wako wa pekee, na nguvu yake kama silaha ya akiba dhidi ya mtu fulani.

Hatua ya 9: Tazama mashindano, kwa jicho la daftari lako

Fanya hivi mwishoni, usianze nayo. Tafuta mechi za ana kwa ana za mchezaji anayejulikana kwa mhusika huyo: Tea wa Japani kwa Pac-Man, yaura kwa Samus, Dabuz wa Marekani kwa Min Min. Tazama mechi walizoshindwa kuliko walizoshinda. Hesabu roho zilipotea wapi: karibu, ukingoni, au mhusika akishuka kutoka juu? Linganisha na hatua ya 3 na ya 4.

Onyo: mchezaji mmoja mahiri hathibitishi mhusika. Kama matokeo yote makubwa ya mhusika yanatoka kwa mikono ya mtu mmoja, huenda unapima mikono hiyo. Wakiwa watatu au wanne kutoka nchi tofauti, hapo mhusika mwenyewe anazungumza.

Kuandika hukumu

Usitoe alama ya kumi. Andika sentensi tatu: anamlazimisha mpinzani afanye nini, anapoteza roho wapi, na nani anamfunga vibaya. Yangu kwa Samus ingekuwa hivi: humlazimisha mpinzani aje kwa uangalifu na kuogopa risasi iliyojaa, hupoteza roho kwa mpinzani mwenye subira anayetumia ngao karibu yake, wenye kasi na wanaorudisha au kumeza risasi humsumbua, ila hawamfungi mlango. Ni mhusika mwenye nguvu wa kweli. Kwa Simon: humlazimisha mpinzani apite vizingiti vitatu vya urefu tofauti, hupoteza roho ukingoni, mapema mno, na kila mwenye ujasiri wa kumfuata nje ya ulingo ni tishio kwake. Anafunga wengi wa kiwango cha kati, na ngazi inayofuata inakuwa ngumu.

Ukikwama

*Rafiki yangu hunifunga hata nikitumia mhusika gani.* Badilishaneni pande. Yeye achukue mpiga mbali, wewe uwe Fox, na mfanye hatua ya 2 hadi ya 4 upya. Kisha chukueni matokeo yaliyo katikati. Tofauti ikiwa kubwa mno, tafuta mtu mwingine wa kupima naye.

*Mtandaoni anashinda kila mtu, ana kwa ana anapigwa.* Hili ni la kawaida. Ultimate mtandaoni huchelewesha vidole vya wote wawili ili waende sawa, na umbali kati yenu ukiwa mkubwa ucheleweshaji unaongezeka. Kombora unaloliona na kulikwepa ukiwa sebuleni linageuka kuwa la kubahatisha ukiongezewa fremu kadhaa. Mwaka 2020 mashindano mengi yalipohamia mtandaoni, wapiga mbali walinufaika, na Min Min aliingia kwenye gemu Juni ya mwaka huohuo. Pima kwenye chumba kimoja. Kama unacheza mtandaoni tu, andika wazi kwamba hukumu yako ni ya mtandaoni.

*Matokeo yangu yanapingana na orodha za madaraja.* Angalia kwanza orodha ni ya mwaka gani. Kama ni ya baada ya 2021, rudia hatua ya 3 na ya 6, kwa sababu ndizo watu huzifanya kwa haraka. Ukibaki na jibu lilelile, andika mpinzani gani hasa analeta tofauti hiyo. Huenda mtaani kwenu hakuna anayemcheza.

*Siwezi kutenganisha kusumbua na nguvu.* Usihesabu dakika ulizokasirika, hesabu roho. Mpiga mbali anayerefusha mechi hadi dakika ya sita na kupoteza, amepoteza.

*Sina Switch, nacheza kwa simu.* Brawlhalla ni ya bure na iko kwenye simu tangu 2020. Hatua zilezile zinafaa, kwa mabadiliko matatu. Humo hakuna ngao, kuna kukwepa tu, hivyo hatua ya 3 anza na mpiga mbali aliyetoka kukwepa na bado hajaweza kukwepa tena. Pili, umbali unatokana na silaha iliyookotwa, na kila mhusika ana silaha mbili, kwa hiyo pima upinde au bastola zikiwa mkononi, kisha mpime akiwa na silaha yake nyingine, halafu mikono mitupu. Tatu, madhara huonyeshwa kwa rangi badala ya asilimia, kutoka nyeupe kwenda njano, chungwa na nyekundu. Kwenye hatua ya 5 andika rangi ambayo pigo linaanza kuua, na upande gani wa ulingo mlikuwa mmesimama.